Akaunti ya Ukoo

Nyumba ya dada yangu, Ngamiani, Tanga, ina watu sita, simu sita, tableti moja iliyopasuka kioo, na runinga bapa iliyonunuliwa kwa fedha za kikoba. Ukiondoa kitochi cha Bibi, ambacho hakihusiki na lolote katika kisa hiki, vyombo vyote hivyo vilikuwa na mwenyewe mmoja mtandaoni: mtu aitwaye "Mama Zuhura Simu", mzaliwa wa tarehe 1 Januari 1990. Mtu huyo hajapata kutia mguu duniani. Alizaliwa kibandani kwa fundi simu, siku Dada aliponunua simu yake ya kwanza ya kugusa. Fundi alimuuliza, "Mama, una imeili?" Dada akamjibu kwamba yeye kaja kununua simu, hayo mengine hakuyaagiza. Fundi hakubishana na mteja. Akabuni jina, akabuni tarehe ya kuzaliwa, akaweka namba yake mwenyewe ya kurejeshea neno la siri, na neno lenyewe akaliandika kwa kalamu nyuma ya risiti. Dada akaikunja risiti, akaitia pochini, biashara ikaisha.

Iliponunuliwa simu ya Shemeji, nayo ikadai imeili. "Si ipo?" akasema Dada, na risiti ikatolewa pochini. Ikaja simu ya Zuhura alipoajiriwa chekechea, ikaja ya mdogo wake Hamisi, ikaja tableti ya kitinda mimba, ikaja runinga, na kila mara ikatolewa risiti ile ile, mpaka wino ukafifia na kila mtu akalijua neno la siri kwa moyo, pamoja na jirani wa upande wa kulia.

Dalili za kwanza zilikuja kwenye majina. Akaunti ya Google kama hii hubeba majina ya simu: unalolihifadhi huku hupanda mtandaoni, kisha likashuka kwenye kila chombo kilichofunguliwa kwa akaunti hiyo hiyo. Shemeji ni karani wa mizigo bandarini. Akawa anatafuta wakala wa forodha, anakutana na "Msusi wa Twende Kilioni". Anatafuta dereva wa lori, anajibiwa na mama wa mkaa. Aliyavumilia hayo, maana ni mtu mpole, mpaka siku aliyoteremsha majina ya herufi M akakuta, ndani ya simu yake mwenyewe, "Mume Wangu".

Alikaa na jambo lile kifuani tangu adhuhuri mpaka baada ya isha. Hakula. Kisha akajifungia chumbani, akaipiga namba ile, mkono kiunoni, tayari kumsikia huyo mwanamume sauti yake. Ikaita. Ikaita pia ndani ya koti lake lililotundikwa nyuma ya mlango. Ilikuwa laini yake ya pili, ile ya kazini, ambayo hajawahi kuikariri. Dada alipoelezwa hakukasirika wala hakucheka. Alisema tu, "Ungekuta Mume Wangu wawili, hapo ndipo ungeuliza."

Kwenye runinga mambo yalikuwa mepesi zaidi. Baada ya magharibi Shemeji husikiliza mawaidha. Hamisi ni wa ndondi na mpira. Kitinda mimba, wa miaka minane, hutazama katuni na watu wanaofungua vinyago ndani ya mayai ya plastiki. Mtambo unaopendekeza video haukuwaona watu watatu. Uliona mtu mmoja wa 1990 mwenye ladha za ajabu, ukampangia foleni yake: sheikh, bondia, yai. Hilo la kucheka. Lisilochekesha ni kwamba matangazo ya dawa za nguvu za kiume yalimfikia mtoto kwenye tableti, kwa kuwa kwa hesabu za kampuni yeye alikuwa mtu mzima aliyepita thelathini. Kampuni nyingi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuwa na akaunti ya kawaida, umri ambao chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni. Pale Ngamiani sheria hiyo ilirukwa kwa kalamu ya fundi.

Lililokuja kutuumbua ni picha.

Akaunti ile ilikuwa na hifadhi ya bure ya GB 15, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inayopandishwa huhesabiwa humo. Watu watano wenye kamera hawachelewi kuijaza. Ilipojaa, picha zikaacha kupanda, zikabaki kusubiri ndani ya simu za wenyewe, na hakuna aliyeshughulika. Kumbe kujaa kule ndiko kulikokuwa kukitusitiri. Wiki ya posa ya Zuhura, Hamisi, kijana mwenye moyo safi kabisa, aliona runinga isikae kiziwi mbele ya wageni. Akaweka programu ya kuzungusha picha za familia kila runinga inapoachwa bila kazi. Akakuta picha zenyewe ni za zamani tu. Akaingia kwenye hifadhi, akafuta video za harusi za watu, akafuta maua yote ya "asubuhi njema", akamwaga na pipa la taka. Nafasi ikapatikana. Kila kilichokuwa kikisubiri kikapanda, pamoja na skrinshoti za mama yake.

Hapa lazima nimweleze Dada. Alikuwa na kundi la WhatsApp la kamati ya posa, yeye, wifi zake na mama mkubwa wa Zuhura, wanawake wenye akili za kuendesha wizara. Tangu Aprili 2016 WhatsApp hufunga ujumbe kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma unapopita. Kufuli hiyo ni ya kweli. Lakini Dada hawezi kupandisha maongezi juu kutafuta la juzi, kwa hiyo kila linaloamuliwa hulipiga picha ya skrini. Likishapigwa picha si ujumbe tena. Ni picha kama ya sinia la pilau, na inakwenda picha zinakokwenda.

Wageni walikuja Jumapili baada ya alasiri: wazee wanne wenye kanzu zilizonyooshwa, na mshenga wao, mzee mkimya mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Mikeka ilikuwa imetandikwa, kahawa ipo, halua ipo, kashata zipo. Shemeji akamwambia Hamisi azime runinga. Hamisi hakuizima, aliisimamisha tu, ili mdogo wake asipotewe na alipofika kwenye katuni. Rimoti akaiweka juu ya mto, na mto ule akapewa mshenga.

Upande wetu msemaji alikuwa ami yake Zuhura, na mimi mjomba nilikuwa ubavuni mwake, kwa sababu zilizo wazi: pamoja na mahari, ambayo ni haki ya binti mwenyewe, kulikuwa na mkaja wa mama, kilemba cha baba, na kilemba cha mjomba. Ami akafungua kwa sauti ya kutuliza, akasema binti ametaja milioni tatu. Wazee wa upande wa pili wakaguna, kama inavyotakiwa. Mshenga akaanza kueleza ugumu wa maisha na bei ya mchele.

Kwa adabu ya kumpa mgeni upande mzuri, tulikuwa tumemketisha akiielekea runinga, sisi wenyeji tukiipa mgongo. Ndiyo maana tulichokiona kwanza ni uso wake. Ulitabasamu: nyuma yetu, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa Zuhura wa miaka miwili ndani ya beseni. Ukaingia huruma: ulikuwa mguu wa Bibi uliovimba, uliopigwa picha kumpelekea daktari. Ukainamishwa haraka: Shemeji, kalala barazani na msuli, mdomo wazi. Kisha mzee akanyamaza katikati ya neno, akaipandisha miwani yake, akaivaa.

Nikageuka. Dada hutumia herufi za ukubwa wa mwisho kwa ajili ya macho yake, kwa hiyo hapakuwa na shida ya kusoma kutoka popote sebuleni. "Waanzie milioni tatu. Wakilia washuke. Mwisho moja na nusu. Chini ya hapo HAPANA." Na chini yake, kwa mkono huo huo wa dada yangu wa tumbo moja: "Kilemba cha mjomba wasikikazanie. Yeye hana neno."

Hamisi alikuwa akitafuta rimoti kwa magoti. Rimoti ilikuwa chini ya mgeni, na hapana kijana wa Tanga atakayemwambia mshenga ainuke. Picha ilikaa muda wake wote, ikapisha picha ya risiti ya saruji.

Mshenga akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akanywa kahawa funda moja. "Ami," akasema, "tulikuja na maneno mengi, lakini tumeona tusiwachoshe. Tunayo milioni moja na nusu, taslimu, hapa hapa. Tunaamini hamtashuka chini ya hapo." Akanigeukia mimi kwa upole mkubwa. "Na mjomba hatutamsumbua. Hana neno." Fatiha ikasomwa.

Usiku ule palikaa baraza la familia, na kila mtu alikuwa na ushahidi wa kutokuhusika. Dada alisema yeye aliandika kwenye kundi la wanawake. Hamisi alisema aliombwa sebule ipendeze. Shemeji alitaka kwenda mahakamani, ila hakuwa na hakika dhidi ya nani. Shangazi yake Zuhura, mwalimu aliyetoka Mombasa kwa ajili ya posa, akatupa mfano wa kwao: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Zuhura, mwalimu mwenzake, alikaa wima aliposikia hilo. Nami nikasema hata sisi tunayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Shemeji akaomba namba ya tume. Nikamuuliza atamshitaki nani, fundi ambaye kibanda chake sasa ni genge la matunda, au mwanawe aliyebonyeza "kubali"? Sheria zile zinamkaba anayekusanya taarifa za watu na kuzitumia. Baba aliyeanikwa msuli wake na runinga aliyoifungua kwa neno la siri linalojulikana mpaka kwa jirani, sijui hakimu amweke fungu gani.

Kazi ya kutenganisha ikaniangukia mimi, kwa kuwa nina duka la steshenari lenye kompyuta mbili, na kwa ukoo wetu hiyo ni shahada.

Nilipotaka kubadili neno la siri, kampuni ikatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya kurejeshea, yaani ile ya fundi. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake kugawiwa mtu mwingine, na hii sasa ilikuwa ya mama mmoja aliyepokea akiwa Singida. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba ameingiwa na ujumbe wenye tarakimu, naomba anisomee. Akaniambia matapeli wa siku hizi wana adabu kuliko wa zamani, akakata. Naye alifanya sawasawa: tarakimu hizo hazisomewi mtu, hata awe na sauti ya mjomba. Ilitubidi tuzunguke kupitia simu ya Dada, ambayo bado ilikuwa imefunguliwa kwa akaunti ile, tukaibadili namba kutokea humo.

Halafu tukapekua ruhusa. Hapa ningependa kila nyumba ipekue mara moja, hata kama ni kwa kujifurahisha. Simu ya Dada ilikuwa na programu ya tochi iliyoruhusiwa kujua alipo saa zote, wakati simu yenyewe ilitoka dukani na tochi yake. Si mambo mageni: Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilimbana mtengenezaji mmoja wa programu ya tochi ambayo, huku ikimulika, ilikuwa ikiwapelekea watu wa matangazo mahali mtumiaji alipo. Tuliifuta, na Dada akaaga dunia ya giza bila hasara yoyote.

Kwa Hamisi kulikuwa na zito zaidi. Alikuwa amekopa shilingi 40,000 kwenye programu ya mkopo aliyoishusha kwa kiungo alichotumiwa, nje ya duka rasmi la programu, na programu ile iliruhusiwa kusoma majina yote. Tangu tarehe 31 Mei 2023 duka la Google haliruhusu programu za mikopo kugusa majina wala picha za mkopaji, ndiyo sababu nyingine husambazwa kwa viungo. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha kidijitali bila leseni. Kila anayesoma haya anamjua mtu aliyetumiwa ujumbe kwamba rafiki yake ni mdaiwa sugu. Sasa kumbuka majina ya Hamisi hayakuwa ya Hamisi. Yalikuwa ya ukoo: bosi wa bandarini, imamu, mwalimu mkuu wa Zuhura, wanakikoba, na tangu Jumapili ile, mshenga. Kijana alikuwa amewaweka rehani wote kwa elfu arobaini. Shemeji, ambaye sijapata kumwona akilipa deni usiku, alilipa usiku ule ule.

Kila mtu akafunguliwa akaunti yake, yenye jina lake na tarehe ya kweli. Shemeji akataka aone nani kasoma ujumbe wake bila yeye kuonekana amesoma wa wengine. WhatsApp ina tiki za bluu tangu Novemba 2014, na kanuni yake ni ya haki: ukizizima zako, huoni na za wenzako. Akaona anaonewa, akaziacha.

Yakabaki majina, mia nane na ushei, yamechanganyika, na hapo ndipo mama yangu, Bibi wa nyumba, mwenye kitochi, alipoiweka tasbihi chini akasema asomewe. Amezaliwa Pangani, katika nyumba ya mawe, na kwake mtu hana swali ila moja: anafika wapi? Kuna wa barazani, anapewa kahawa na habari za mvua. Kuna wa ukumbini, anaona watoto na kula nasi. Kuna wa ndani. Zuhura akakaa ubavuni mwake na simu, akizigeuza hukumu kuwa mipangilio. Fundi bomba: barazani, asione picha ya profaili wala mara ya mwisho mtandaoni. Imamu: ukumbini. Wazazi wa watoto wa chekechea: barazani wote, wapole na wakali, na stetasi za Zuhura wasizione. Shoga wa Dada wa tangu utotoni: ndani, "lakini asikae karibu na mahesabu". Kijana mmoja aliyewahi kumchumbia Zuhura akatoweka: "Huyo apite njia." Kwenye Instagram kuna orodha ya marafiki wa karibu tangu 2018; ya Zuhura, kwa hukumu za Bibi, ilishuka kutoka watu wengi hadi saba. Picha za usiku wa singo hata hao hawatazipata, maana Bibi ameamuru simu ziachwe mlangoni, kwenye beseni, na somo wa Zuhura azilinde. Mshenga alimtia ukumbini baada ya kufikiri. "Keshaona vya ndani," alisema, "sasa tumzuie nini?"

Nimewasikia vijana wakisema faragha ni ya mwenye la kuficha. Zuhura hana la kuficha. Ni mwalimu kwa wazazi, mwali kwa somo wake, mkwe kwa watu wa mshenga, mropokaji kwa mashoga zake, na wote hao ni yeye. Anachokataa ni kutandikwa wote kwenye mkeka mmoja Jumapili moja.

Katikati ya herufi S Bibi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Na sisi kwao, wametuweka wapi?" Maana namba ya Dada imo kwenye simu za watu mia nane, na kila mmoja wao hubonyeza "kubali" kwa uhuru wake. Zipo programu za kumtambua mpigaji ambazo hukusanya majina kutoka vitabu vya simu vya watumiaji wake. Hamisi, kwa kudadisi, alitafuta humo namba ya baba yake. Bandarini Shemeji anajulikana kama "Salehe Hapokei". Hakuna mpangilio wa upande wetu unaolifuta hilo kwenye simu zao.

Tulipofika mwisho niliomba kuiona orodha. Shangazi wa Mombasa yumo ndani. Jirani wa kulia, mwenye neno la siri, ukumbini. Mimi nilijikuta barazani, kati ya fundi bomba na wakala wa pesa.

"Mama," nikasema, "mimi mwanao."

"Ndiyo," akasema. "Lakini wewe unaandika. Harusi ikipita tutakuangalia tena."